Vifungio Vinne vya Mtumbwi Wangu

Kabla sijatoka

Shida ilinianza mwaka 1964, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa anakwenda kumwangalia ng'ombe wetu aliyewekwa kwa rafiki yake ng'ambo ya Malagarasi. Akapanda mtumbwi wa gogo, mto ukamchukua. Tulichopata ni fimbo yake. Shule niliachia darasa la tatu. Nimelima vibarua, nimebeba chumvi ya Uvinza kichwani, nimefyatua matofali ya nyumba za watu waliosoma. Sikusaidiwa na mtu, na sitaki mtu aje leo aseme alinisaidia.

Mto ule ulimla baba. Mimi nikaapa kwamba iko siku nitaula mto. Nilipopata nguvu nikanunua mtumbwi wa mbao kutoka ziwani, ukapandishwa kwa lori mpaka kivukoni kwetu, kule chini ya Busunzu. Unavusha watu, baiskeli, mbuzi na magunia ya maharage ya siku ya gulio. Kwa hiyo mto naula. Lakini kukaa ndani ya mtumbwi, hapana. Nimeupaka lami kwa mikono yangu, naukagua kila asubuhi nikiwa nimesimama nchi kavu, ila makalio yangu yalikuwa hayajaugusa. Anayeuendesha ni Gervas, mtoto wa dada yangu. Kivukoni kila mtu alilijua jambo hilo, na hakuna aliyenisemesha, maana ulimi wangu wanaujua.

Sasa mmeniuliza kanisani, mmeniuliza kilabuni, hata msibani mmeniuliza: mzee, ulifuata nini mpaka Titye? Nimechoka kurudia. Naandika mara moja, asiyejua kusoma asomewe.

Masika ya mwaka 2014, siku ya gulio, mtumbwi ulikuwa umefungwa ukingoni unapakia. Una vifungio vinne vya kamba, viwili mbele na viwili nyuma. Kifungio ni kidude kidogo tu, kina pembe mbili kama za mbuzi dume. Unakipigilia kwenye ubao wa ukingo wa mtumbwi, unaizungusha kamba kwenye zile pembe, na mwisho wa pili wa kamba uko kwenye kigingi nchi kavu. Kikishika, mtumbwi unatulia kama ng'ombe anayekamuliwa. Siku ile cha mbele, upande wa nchi kavu, kikang'oka. Maji yakaigeuza pua ya mtumbwi, cha nyuma nacho kikafuata, mtumbwi ukaondoka na bibi Nyamwiza, mbuzi wake na magunia ya watu. Gervas alipambana kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, mpaka wakakwama kwenye matete huko chini. Bibi alitoka mzima. Mbuzi alitoka. Maharage wakala samaki.

Mwenyekiti wa kijiji akaita kikao. Ntahondi, mwenye mitumbwi ya magogo upande wa juu wa mto, alikuwa amekaa mbele kabisa, amevaa koti la suti. Nani anavaa koti la harusi kwenda kwenye kikao cha ajali? Wakaamua hivi: nitengeneze mtumbwi, na gulio la mwisho wa mwezi, maji yakiwa bado makali, wauone umeshika ukiwa umejaa watu. Usiposhika, au watu wakikataa kuupanda, kivuko anapewa Ntahondi.

Mimi nilikuwa nimekwisha jua. Ntahondi ndiye aliyelegeza misumari. Nikakifunga kile kifungio kilichong'oka ndani ya kitambaa, pamoja na misumari yake, nikakitia mfukoni kama ushahidi, nikatoka.

Kivukoni hadi Kibondo mjini

Nilipanda bodaboda. Kijana wa bodaboda akaniuliza nimebeba nini mfukoni. Nikamwambia tumbaku. Tulipofika mlimani akaniuliza tena. Mtu anayeuliza jambo mara mbili ana aliyemtuma. Nikamwambia asimame, nikashuka, nikapandisha mlima kwa miguu, yeye akinifuata nyuma na pikipiki amezima, ananibembeleza: "Mzee, nilikuwa nataka kuvuta tu! Naomba hata kidogo!" Mlima ulipoisha nikapanda tena. Tumbaku sikumpa, sikuwa nayo.

Kibondo nikaenda moja kwa moja kwenye duka la vyuma niliponunua vile vifungio. Mwenye duka ni mtu wa kuja, wote tunamwita Mangi. Nikakiweka kifungio mezani.

"Mangi, hiki ulichoniuzia ni kitu gani?"

Akakigeuza. "Shikamoo kwanza, mzee."

"Marahaba. Ni kitu gani?"

"Hiki ni cha mlingoti wa bendera. Walimu wakuu ndio wanaochukua. Unafungia ile kamba ya kupandishia. Wewe shule yako iko wapi?"

"Sina shule. Nina mtumbwi."

Watu waliokuwa dukani wakacheka kwa pamoja, kama waliopangana.

"Mzee wangu," Mangi akasema, "bendera haibebi maharage."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Hukuniuliza. Uliingia, ukanyoosha kidole pale ukutani, ukasema nipe vinne vile, na usinipotezee muda."

Nikamtazama sana. Mtu anayekujibu upesi hivyo amejiandaa. Lakini ni kweli, maneno yale ni yangu, nayafahamu yalivyokaa. Akaniambia vifungio vya mtumbwi hasa huenda nikavipata Kasulu, kule maduka ni makubwa. Nikamuuliza duka la Kasulu ni la ndugu yake? Akasema hapana. Hilo pia alilijibu upesi.

Kibondo hadi Makere

Basi liliondoka limechelewa, maana konda alikuwa anamsubiri mtu aliyekuwa anamsubiri konda upande wa pili wa stendi. Barabara yetu mnaijua. Vumbi lile jekundu huingia hata kwenye mayai ya kuchemsha yenye maganda.

Njiani tukakuta kizuizi. Askari akapanda, akaanza kuwauliza watu wanatoka wapi. Sisi Waha tukifungua mdomo tu, mgeni anasikia Kirundi. Aliponifikia mimi akasimama.

"Mzee, wewe ni raia wa wapi?"

"Wa hapa hapa. Na wewe?"

"Mfukoni una nini?"

Nikaufunika mfuko kwa mkono. Ushahidi haufunguliwi mbele ya basi zima. Akaupapasa, akahisi chuma chenye pembe, akarudi nyuma hatua moja. "Hiki ni kipande cha silaha gani?"

Nikafungua kitambaa. Akaangalia kifungio, akaangalia misumari iliyopinda, akaniangalia.

"Ni cha mtumbwi," nikasema.

"Mtumbwi uko wapi?"

"Ungekuwa hapa nisingepanda basi."

"Mwenyekiti wa kijiji chako anaitwa nani?"

"Huyo huyo anayetaka kunipokonya kivuko! Unamfahamu? Amekutuma?"

Konda akaingilia: "Afande, huyu mzee tunamjua. Ni mkali tu, hana kosa lingine." Askari akashuka akitikisa kichwa. Abiria walinicheka mpaka Makere. Hata hivyo nilimwona yule askari akizungumza na dereva kwa sauti ya chini, na mpaka leo sijaambiwa walizungumza nini.

Makere

Pale Makere springi ya nyuma ikakatika. Dereva akasema tungoje. Mama mmoja alikuwa anauza ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, nikala, nikashiba, nikatandaza kitambaa changu kwenye benchi niuangalie ushahidi wangu vizuri.

Jirani na mama yule alikuwepo mtu mfupi, kifua kipana, ana meza ya sabuni na kandambili. Ni Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, jina lake Elia, huuza hapo siku za gulio. Akakiona kifungio, akaja bila kuitwa.

"Papa, hii kitu mulitoa wapi? Hii ni ya boti?"

"Inakuhusu?"

"Mi mutu wa Fizi, papa! Nilizaliwa juu ya ziwa. Boti ya baba yangu ilikuwa inabeba ng'ombe, batu, kila kitu." Akakiweka kifungio changu juu ya kiganja akakitazama kama mtu aliyepewa mfupa usio na nyama. "Hii ya kufungia nguo ya mutoto. Kamba yako nene namna gani?"

Nikamwonyesha kidole changu cha mwisho.

"Kamba kidole kidogo, kifungio shibiri. Njo kipimo." Kwao "ndio" ni "njo". Akatanua mkono wake, kutoka gumba mpaka kidole cha mwisho. "Na namna ya kukifunga, papa, pale njo kuna siri. Ngoja kwanza tunywe, nitakuambia yote."

Akatoa dumu la pombe ya ndizi chini ya meza, akajaza kikombe, akakifuta mdomo kwa shati lake, akanipa kwa mikono miwili.

Sasa wenzangu mnajua. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza. Hata kama ni kaka yako wa tumbo moja, anapiga funda mbele yako, anameza, ndipo anakupa, ujue hakuna kilichotiwa. Ambaye haonji, unamshukuru na unaondoka. Nikashika kikombe nikamngoja. Yeye akanitazama, akatabasamu.

"Kunywa, papa."

"Anza wewe."

"Mi nitaanza namna gani mbele ya mugeni? Kunywa."

"Nimesema anza."

"Papa, kunywa tu!"

Mtu asiyenijua, amenifuata bila kuitwa, ameniahidi siri, na pombe yake mwenyewe anaikataa. Nikaimwaga pombe chini, nikakifunika kikombe juu ya meza ya sabuni, nikachukua ushahidi wangu.

"Yo!" Elia akapiga kelele. "Papa ananimwagia pombe kama maji ya kunawa! Mama, umeona hii?"

Nilipofika kwenye basi, springi ilikuwa bado. Ikabidi nikae ndani ya basi lililosimama, juani, nikimpa mgongo, mpaka lilipotengenezwa. Naye aliendelea kunisema kwa kila mteja aliyekuja kununua sabuni.

Makere hadi Kasulu

Kasulu nilifikia kwa binamu yangu, ambaye alinipokea vizuri kupita kiasi. Asubuhi nikaingia maduka ya vyuma. Nilikuwa nimejiandaa: nilibeba sumaku niliyoing'oa kwenye spika ya redio yangu iliyokufa.

Muuza duka wa kwanza alikuwa na kifungio kinachong'aa kama pete. "Hii ni shaba tupu, mzee."

Nikatoa sumaku. Ikanasa, tap! Shaba haishikwi na sumaku. Ni chuma kilichopakwa rangi, mvua moja tu kinaanza kulia kutu.

"Mzee, hiyo sumaku nayo ya nini?" akauliza, uso umebadilika.

"Ya kuniambia ukweli, wewe umeshindwa."

Duka la pili walikuwa na cha rangi ya fedha. Sumaku haikunasa. Muuzaji akafurahi. Lakini kilikuwa chepesi kama mfuniko wa sufuria. Nikabana pembe yake kwenye bawaba ya mlango wa duka, nikausukuma mlango, pembe ikainama kama mshumaa. Tukagombana hapo kidogo. Alisema nimemharibia mali, nikasema mali iliyoharibiwa na mlango ingefanywa nini na mto? Watu wakajaa. Mzee mmoja akasema nina haki. Sikumwamini, lakini nilimshukuru.

Kitu kimoja kiliniudhi siku ile kuliko hayo yote. Kila kifungio nilichoonyeshwa, kabla ya sumaku, mkono wangu wenyewe ulikuwa unatanuka juu yake, gumba hadi kidole cha mwisho. Hakuna hata kimoja kilichofika shibiri. Yule mtu wa sabuni alikuwa amekwisha niingia kichwani.

Jioni binamu akaniambia: "Kaka, kwa nini unahangaika na chuma? Nenda Titye, kuna fundi Sebastiani anachonga mipini ya majembe. Mpini wake haujawahi kupasuka. Mwambie akuchongee hicho kidude."

Nikamuuliza anapata nini nikienda Titye. Akasema anapata chumba chake cha wageni. Hilo nililiamini.

Kasulu hadi Titye

Nilipata lori la mihogo mikavu. Nilikaa juu ya magunia na mama mmoja aliyekuwa amebeba jogoo, na jogoo yule alikuwa ananikodolea jicho moja njia nzima.

Fundi Sebastiani nilimkuta amekaa juu ya gogo, anachonga. Nikamsalimu kwa Kiha, "Mwakeye", akaitika, akaendelea na kazi. Nikamwambia natafuta mti mgumu, mkurungu ikiwezekana.

"Mkurungu?" Akasimamisha tezo. "Sina. Sijauona miaka mingi. Hata rangi yake nimeisahau."

"Fundi, umeukalia."

Akaangalia chini, kana kwamba gogo limeingia hapo lenyewe. "Wewe ni mtu wa maliasili?"

"Nina sura ya mtu anayelipwa mshahara?"

Akanikagua kuanzia kofia mpaka viatu. Viatu vyangu ndivyo vilivyomtuliza, maana kimoja nimekishona kwa waya. Akamwita mkewe alete pombe. Akajaza, akapiga funda refu, akameza, akafuta mdomo, akanipa. Hapo nikajua niko kwa watu.

Nikamweleza kazi. Akakisikiliza kilio cha mtumbwi wangu bila kunikatiza, akachukua kile cha chuma, akakipima kwa macho, akakitupa kwenye vumbi la mbao.

"Unajua kwa nini mpini wangu haupasuki kichwa?" akasema. "Siukati kwenye mti ulionyooka. Nakata pale tawi lilipotokea kwenye shina, pale mti wenyewe umejikunja. Pembe ya ng'ombe haikuchongwa na seremala. Ukiona mishipa ya mti inafuata pembe mpaka nchani, hiyo haivunjiki. Ukiona mishipa inakata katikati ya pembe, hiyo ni kuni."

Akanipa vipande nichague mwenyewe. Hilo lilinipendeza. Nilikataa vingi. Kimoja kilikuwa na ufa mdogo kama unywele, nikamwonyesha, akasema huo si ufa, ni mstari, nikamwambia basi mtumbwi wako ufunge kwa mstari. Akacheka, akakiweka kando. Akanichongea vinne, shibiri kila kimoja, tumbo nene, pembe zimenyanyuka ili kamba ipite chini yake bila kubanwa. Akavipiga msasa mpaka vikawa laini kama kitako cha mtoto, maana penye ukali kamba huliwa. Kisha mkewe akavipika kwenye mawese, mafuta yaingie, maji yasipate nafasi.

"Sasa," nikasema, "vinafungwaje mtumbwini?"

Sebastiani akakuna shingo. "Mimi mtu wa majembe, mzee. Maji nayajua ya kunywa. Tafuta mtu wa ziwani."

Nikauokota ushahidi wangu kwenye vumbi la mbao, nikautia mfukoni pamoja na vile vinne. Mtu wa ziwani nilikuwa namjua mmoja tu.

Titye kurudi Makere

Koti langu lilinukia mawese. Kwenye gari watu wakaanza kunichungulia mfukoni wakidhani nina maandazi. Mama mmoja akaniambia, "Baba, kula peke yako ni uchawi." Nikamtolea kifungio, nikamwambia karibu. Akakishika, akakinusa, akasema, "Yebaba we! Hiki hata mbwa hakitafuni."

Elia alikuwa palepale na sabuni zake. Alinishuhudia nikishuka.

"Mama," akamwambia jirani yake kwa sauti ya mkutano, "papa wa kumwaga pombe amerudi! Ficha dumu!"

Nikasimama mbele ya meza yake. Kuomba msamaha sijazoea, sikufundishwa, na siku ile sikuanza. Nikamwambia tu jinsi ilivyo: "Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Wewe hukuonja."

Akaduwaa. Halafu akacheka mpaka akashika meza.

"Kumbe! Na kwetu, kuanza mbele ya mugeni ni kumuonyesha njaa yako. Siku ile nilisema huyu papa ananichukia sababu mi mukimbizi." Akatoa dumu, akajaza kikombe, akanywa nusu yake, akafungua mdomo wazi nione hakuna kilichobaki. "Ona. Sijakufa. Kunywa sasa, ama nimalize yote?"

Nikanywa. Ilikuwa nzuri kuliko ya Titye. Msimwambie Sebastiani.

Ndipo nikatoa vile vya mkurungu. Akavitazama kimoja kimoja, hakusema mzaha tena. Kisha akaomba ushahidi wangu, nikamwambia kuna mtu aliyeking'oa, naye akaishika misumari ile. "Papa, nani alikuambia mutu ameking'oa?"

"Ntahondi."

"Ntahondi alikuambia?"

"Hapana. Ntahondi ndiye aliyeking'oa."

"Hapana, papa. Musumari ukitolewa na mutu unakwaruzwa kichwa. Hii vichwa ni vizima. Na angalia kutu, imepanda mpaka katikati. Ilikuwa inatoka kidogo kidogo, kila siku. Musumari unashika ukuta. Mto haushikwi na musumari."

Nikalikubali nusu. Nusu nyingine niliiweka.

Akaligeuza sanduku lake la sabuni juu chini, akanionyesha. Kifungio kinatobolewa kwa keekee, kinapitishwa bolti mbili mpaka upande wa pili wa ubao. Chini yake unaweka kipande kingine cha ubao, kinene, kama mgongo, ndipo washa, kile kisahani cha chuma chenye tundu, na nati. Hapo kamba ikivuta, haivuti kifungio, inavuta ubavu mzima wa mtumbwi. Na usikikalishe sawasawa na mstari wa kamba, kigeuze kidogo tu, kamba ije kwa ubavu, isijibane yenyewe ikakataa kufunguka siku ya haraka. Nilimrudishia somo lake neno kwa neno. Akaridhika.

Nilipokuwa nainuka akauliza, hata hakuwa ananiangalia, alikuwa anapanga sabuni:

"Na boti yako, papa? Kila asubuhi nani anaionja?"

"Gervas."

"Gervas njo mwenye boti?"

"Mwenye boti ni mimi."

"Ah," akasema. Basi. Akaendelea na sabuni.

Njia nzima nilijiuliza nani alimwambia. Nilimfikiria konda. Nilimfikiria binamu. Nilimfikiria hata yule kijana wa tumbaku. Sikumpata.

Makere hadi mtoni

Mtumbwi tuliuvuta nchi kavu, tukafunga vifungio mimi na Gervas. Mimi nilitoboa nikiwa nje, yeye akakaza nati akiwa ndani. Nilijaribu kila kimoja kwa kukining'inia na uzito wangu wote, miguu yangu ikiwa kwenye mchanga.

Siku ya gulio ikafika. Maji yalikuwa mekundu, yanapita na magogo. Gervas akaufunga mtumbwi kwa kamba mpya, mbele na nyuma. Mwenyekiti akaja na wazee wake. Ntahondi akaja na koti lake. Watu walikuwa wengi, wana magunia, wana baiskeli, wana haraka ya kwenda gulioni.

"Haya, pandeni," nikasema.

Hakuna aliyepanda.

"Pandeni! Vifungio ni vya mkurungu, vina bolti, vina mgongo, nimevifuata mpaka Titye!"

Mwanamume mmoja akalishusha gunia lake begani, akalikalia. Wengine wakaangalia maji. Ntahondi alikuwa anapangusa koti lake tu, na hilo lilinitisha zaidi, maana hakuwa na haja ya kusema. Mitumbwi yake ya magogo ilikuwa inangoja kule juu. Nikaanza kuwatafuta kwa macho waliohongwa. Nikapita uso kwa uso. Kumbe wao hawakuwa wanakitazama kifungio wala Ntahondi. Walikuwa wananitazama mimi, miguu yangu, mahali iliposimama.

Bibi Nyamwiza alikuwa mbele, amemshika mbuzi wake yule yule kwa kamba. Akanisogelea mpaka karibu, mzee kuliko mimi, aliyenijua nikiwa mtoto wa marehemu.

"Onja," akasema.

Neno hilo tu. Na kila mtu pale alikuwa mtu wa kwetu, alijua maana yake.

Nilitaka kumwambia bibi kwamba huo ni mtumbwi, si pombe. Nilitaka kumkumbusha baba. Yeye ndiye aliyemlilia baba kuliko watu wote, alikuwa hahitaji kukumbushwa. Nikavua kofia nikampa Gervas, sijui kwa nini. Nikashika pembe ya kifungio cha mbele, nikanyanyua mguu mmoja, nikauweka ndani.

Mtumbwi ukatikisika chini yangu kama mnyama anayeamka. Nikakaa kwenye ubao wa mbele kwa kishindo, nikaushika kwa mikono miwili. Maji yalikuwa yanapita ubavuni, karibu, karibu sana, yananong'ona. Gogo likaja likaugonga mtumbwi, ukaruka, kamba ikalia kwii, nikafumba macho. Kifungio kikashika. Nikafumbua jicho moja nikakiangalia. Hakikusogea hata upana wa uzi.

Bibi Nyamwiza akapanda, akamvuta mbuzi wake. "Sogea basi," akaniambia. "Mbuzi naye anataka kukaa."

Kisha wakapanda wote, kwa kelele, wanakanyagana, wananipakia baiskeli mapajani kana kwamba mimi si mwenye mtumbwi. Ukajaa mpaka maji yakakaribia ukingo. Mwenyekiti akazunguka huku na huku akivikagua vile vifungio. Mtumbwi ulitulia kama ng'ombe anayekamuliwa. Akatikisa kichwa kukubali, akageuka kwenda zake, na wazee wakamfuata. Ntahondi akavua koti. Alisema ni joto. Bado namtazama.

"Mjomba," Gervas akanong'ona, "sasa unaweza kushuka."

"Vusha," nikasema.

Sikuuachia ubao mpaka tulipofika. Nilishuka ng'ambo ile, mahali baba alipokuwa anakwenda. Nikasimama hapo kidogo. Watu wakanipita na magunia yao.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, ya bati. Nina shamba la migomba na shamba la maharage. Nina ng'ombe na ndama wao, wote wako zizini kwangu, hakuna niliyemweka kwa mtu. Baiskeli moja. Redio moja, haisemi, sumaku yake iko mfukoni. Fimbo ya baba. Kivuko. Mtumbwi mmoja wa mbao, na vifungio vyake vinne vya mkurungu, shibiri kila kimoja. Na mle ndani, ubao wa mbele wa kukalia. Huo ni wangu, naukalia kila asubuhi kabla ya mtu mwingine kupanda.